Kaka ananiuzia gari lake, lakini nikitaja fundi anakasirika

Shikamoo mshauri,

Nimekuwa msomaji wako kwa muda mrefu, sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia, tena kwa ajili ya gari. Lakini jambo hili limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa na sina wa kumwambia ambaye hajachagua upande.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne. Mama yangu mzazi anaishi nasi tangu mwaka jana, baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Gari tulilonalo ni dogo. Mama akikaa nyuma magoti yanagusa kiti cha mbele, na safari ya saa moja inamfanya ashinde kitandani siku inayofuata. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa miaka minne ili tununue gari lililotumika, lakini lenye nafasi na lisilomtesa mama.

Kaka yangu mkubwa ana Toyota Avalon ya mwaka 2011 ambayo ameitumia miaka sita. Amepata gari jingine na anataka kuniuzia hiyo. Imetembea kilomita 178,000. Siku moja alitupeleka kumwona mgonjwa, mama akakaa nyuma, kaka akamwonyesha jinsi ya kukilaza kidogo kiti cha nyuma. Hatukufika hata nusu ya njia mama akawa amelala fofofo, mkoba umemtoka mkononi. Nilikuwa namtazama kupitia kioo cha juu, machozi yananilengalenga. Tangu atoke hospitali sijawahi kumwona amelala ndani ya gari. Alipoamka aliniambia, "Mwanangu, humu siumii." Moyoni nikasema, limekwisha, hili ndilo gari letu.

Shida ilianza nilipomwomba kaka nilipeleke kwa fundi likakaguliwe. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mimi niliyekusomesha, leo unamtafuta fundi aje anipime?" Nikaomba radhi palepale. Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato, hata simu anapokea mara moja moja.

Mshauri, ni kweli alinisomesha. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili, na kaka aliacha chuo akaenda kufanya kazi ili mimi nisiache shule. Hilo ni deni ambalo silimalizi. Na hata kwenye gari hili amenipunguzia karibu robo ya bei ambayo magari ya mwaka huo yanauzwa. Amesema nilipe kwa awamu mbili, wala hakuna haja ya kuandikiana chochote kwa kuwa sisi ni ndugu.

Lakini hana kumbukumbu zozote za matengenezo. Nikiuliza anasema oili "naibadilisha ikifika wakati wake". Na mara zote tatu nilizoenda kuliona, nilikuta injini imeshawashwa. Labda ni bahati mbaya tu, ila nimeliweka moyoni.

Mume wangu halitaki. Yeye anataka gari la juu, lililoinuka kutoka ardhini, na anasema gari la ndugu likiharibika linaharibika mara mbili. Mama ameshausikia mvutano wetu na sasa ameanza kusema gari letu dogo linamtosha, tusijisumbue. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Nikinunua bila fundi naogopa kupoteza akiba ya miaka minne. Nikisisitiza fundi naogopa kumpoteza kaka. Naomba unisaidie kufikiri.

Mdogo wa Kaka

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimesimama pale mkoba ulipomtoka mama mkononi. Naelewa kwa nini moyo wako uliamua hapohapo. Anayemuuguza mzazi mwenye maumivu hahesabu kilomita, anahesabu dakika ambazo mzazi wake hakuugua. Kwa hiyo usijilaumu kwa kulipenda gari kabla ya kulichunguza. Mtu yeyote mahali pako angelipenda.

Nikikusikia vizuri, unaona mbele yako milango miwili tu: akiba au kaka. Ninachotaka tufanye kwanza ni kutazama kama kweli ni miwili.

Tuanze na gari lenyewe, maana katika malumbano yote haya ni kama limesahaulika. Nimekaa na fundi mmoja ninayemfahamu, mtu wa siku nyingi kwenye magari ya aina hii, nikamsimulia habari yako bila kutaja mtu. Akasema kizazi hicho cha Avalon, kilichotoka kuanzia modeli ya 2005 hadi 2012, kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kiti cha nyuma hasa. Gari lina urefu wa takriban mita 5, na kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni mita 2.82. Urefu huo wa katikati ndio unaofanya tuta lipite chini yenu taratibu badala ya kuwarusha. Sakafu ya nyuma karibu yote ni bapa, na kiti kinalala kama ulivyoona. Injini ni V6 ya lita 3.5 yenye nguvu farasi 268, na inatumia cheni ya taimingi, ile inayopanga mwendo wa vali za injini, siyo mkanda. Avalon za zamani zaidi, zile za injini ya lita 3.0, zilikuwa na mkanda wa kubadilishwa kila baada ya kilomita 145,000 hivi. Hilo angalau halikuhusu.

Kwa hiyo usingizi wa mama haukuwa ndoto. Lakini fundi aliniambia neno jingine ambalo nimekuwa nalo tangu siku ile: gari laini huficha uchovu wake. Gari gumu likichoka unalisikia kwenye mgongo wiki hiyohiyo. La starehe lina sponji nene, vioo vinavyozuia kelele na springi laini, hivyo shokapu zinaweza kufa taratibu na abiria bado anasema "linateleza". Sisemi gari la kaka limechoka, sijaliona. Nasema tu kwamba mama kulala kunatuambia habari za viti, hakutuambii kitu kuhusu injini wala giaboksi.

Na hata kuhusu viti, niruhusu nikuulize: ulimwona mama akishuka? Umenieleza alivyokaa na alivyolala, hukunieleza alivyotoka. Gari la saluni, kama hili la kaka, liko chini. Kuingia ni kujiachia, kutoka ni kujinyanyua, na aliyepasuliwa nyonga kazi yake kubwa iko kwenye kutoka. Wengi waliofanyiwa upasuaji huo huelekezwa na madaktari wasikae kwenye kiti kinachofanya nyonga ziwe chini kuliko magoti. Upande wa pili, gari la juu analolitaka mume wako linaweza kumdai mama apande kama ngazi. Kiti kizuri kwake ni kile kilicho sawa na makalio yake akiwa amesimama kando ya mlango, ageuke, akae, kisha azungushe miguu. Hilo halihitaji mtaalamu. Msimamishe mama kando ya gari la kaka, halafu kando ya gari la juu la mtu yeyote mnayemjua, uone. Huenda mume wako ana hoja, huenda hana, lakini kwa sasa nyote wawili mnabishana juu ya mwili wa mtu wa tatu, na yeye mwenyewe amejitoa kwenye mazungumzo ili msigombane.

Hesabu pia jinsi mtakavyokaa. Ni gari la watu watano. Wewe na mume wako mbele, mama na watoto wawili nyuma, na mdogo wa miaka minne bado anahitaji kiti chake cha usalama. Limejaa. Mama akilaza kiti, jirani yake yukoje? Na viti vya nyuma vya gari hilo havikunjwi ili kuongeza nafasi ya mizigo, buti ni lita 400 na kidogo. Kama mama anatembea na fremu au siku moja atahitaji kiti cha magurudumu, kipeleke ukakijaribu kuingiza kabla ya kulipa senti moja.

Sasa nije kwa kaka, na hapa nataka niende polepole.

Wewe umesikia "huniamini". Mimi nimesikia kitu kingine kidogo. Mtu aliyeacha chuo ili mdogo wake asome amezoea kuwa mtoaji kwako. Ghafla mdogo huyohuyo anakuja na pesa mkononi na anataka kupima anachopewa. Kwake huenda halikuwa suala la gari hata kidogo. Halafu kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalisemi: huenda kaka mwenyewe hajui hali ya gari lake. Asiye na kumbukumbu za matengenezo mara nyingi siyo mdanganyifu, ni mtu aliyekuwa na shughuli nyingi, akabadilisha oili alipokumbuka. Fundi akija, kinachofunuliwa ni uzembe wa mtu mzima mbele ya mdogo wake. Hiyo ni aibu, na aibu ya kaka mkubwa hutoka ikiwa imevaa hasira. Naweza kuwa nimekosea. Lakini jaribu kuirudia ile sentensi yake ukiwa na fikra hii uone kama inasikika vilevile.

Na ile robo ya bei uliyopunguziwa, umewahi kumuuliza ni nini? Inaweza kuwa zawadi tupu. Inaweza kuwa ni yeye kusema bila kusema, "najua kuna vitu vya kutengeneza, nimeshavikata humo." Na inaweza, bila yeye kukusudia, kuwa bei ya kutouliza maswali. Ni vitu vitatu tofauti kabisa, na kujua ni kipi kungekupunguzia nusu ya wasiwasi.

Njia ya kwanza unayoweza kuifikiria ni kurudi kwa kaka, lakini usianze na fundi. Anza na mama. Mwambie ulichokiona kwenye kioo. Mwambie unataka gari hilo limchukue mama miaka mingi, na kwamba unaogopa siku likizima njiani mama akiwa ndani, utamkasirikia yeye, na hutaki siku hiyo ije. Kisha mwombe yeye ndiye akupeleke kwa fundi, mkae wote wawili pale. Ukaguzi ambao kaka yupo ni tofauti sana na ukaguzi anaofanyiwa. Ila fundi asiwe rafiki yake wala wa mume wako. Hatari ya njia hii unaijua: anaweza kukataa tena, na safari hii ukaambulia ukimya mrefu zaidi. Hatari nyingine huijui bado. Fundi anaweza kukuta jambo, kisha mkatazamana. Kwa hiyo mkubaliane kabla hamjafika: likikutwa tatizo, nani analipia, au bei inashuka, au kila mtu anarudi nyumbani bila kinyongo.

Mkifika huko, omba gari lipelekwe asubuhi likiwa limelala usiku kucha. Injini ya baridi husema kweli. Mlio wa sekunde moja mbili wakati wa kuwasha, moshi wa kwanza, yote hupotea ikishapata moto, na ndiyo maana jicho lako lilishtuka kukuta imewashwa mara tatu. Labda kaka alikuwa ametoka tu mizungukoni. Huhitaji kumtuhumu ili kuomba asubuhi moja. Fundi alitaja na sehemu ambazo yeye angezitazama kwenye umri huo. Maji ya rejeta ya rangi ya waridi hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, na gari lenu limepita hapo kwa 18,000, basi ulizeni kama yalibadilishwa. Pampu ya maji ikianza kuvuja huacha alama kavu ya waridi iliyopauka, kama chumvi, pembeni mwa injini. Plagi zinakaribia kilomita 190,000 ambazo ndizo mwisho wake, na tatu za nyuma zimejificha, lazima sehemu ya juu ya injini ifunguliwe kuzifikia, kwa hiyo ufundi wake una gharama. Giaboksi yake ya gia sita haina kijiti cha kupimia oili, na wamiliki wengi hudhani oili hiyo haibadilishwi maisha. Lipimwe pia kwa mashine ya kompyuta, na fundi asitazame tu kama kuna hitilafu, atazame kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Kumbukumbu za hitilafu zikifutwa au betri ikichomolewa, vipimo hivyo husoma havijakamilika mpaka gari liendeshwe kwa muda, na hapo unajua kuna kilichofutwa karibuni.

Wewe mwenyewe unaweza kusoma tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukikuta 1419, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake bado ni nene. Tazama zote nne, na ya akiba. Na ile namba ya chasi yenye herufi na tarakimu 17, itumie kuulizia kama gari limewahi kuitwa kiwandani kurekebishwa na kama kazi hiyo ilifanyika.

Njia ya pili ni kununua bila fundi, kwa heshima ya kaka. Usidhani nitaicheka njia hii. Wapo walioamua hivyo na wakalala vizuri. Lakini ukiichagua, ichague macho wazi. Ichukulie ile robo aliyokupunguzia kuwa siyo faida, ni mfuko wa matengenezo. Iweke kando siku hiyohiyo, na wiki ya kwanza gari likiwa lako lipeleke likakaguliwe na kufanyiwa kila kitu nilichotaja, maana hapo halimhukumu mtu tena. Hatari ni kwamba tatizo likizidi mfuko huo, hutakuwa na wa kumwambia, na itabidi umeze. Jiulize kama unaweza kumeza kwenye kila kikao cha familia kwa miaka. Wengine wanaweza. Wengine hudhani wanaweza.

Njia ya tatu ni kutolinunua. Unaweza kumwambia kaka kwamba wewe na mume wako hamjaafikiana, na huo si uongo. Lakini tambua kwamba gari la mtu baki nalo lina siri zake, na huyo mtu hutamwona tena. Kaka angalau unajua miaka sita limekuwa wapi. Na gari la juu, hasa lililotumika, haliji na uhakika wowote wa ziada kwa sababu tu liko juu.

Katika njia yoyote, ningependa mwandikiane. Karatasi moja: bei, awamu mbili na tarehe zake, lini kadi ya gari inabadilishwa jina, na kuanzia siku gani matengenezo ni yako. Kaka anasema ndugu hawaandikiani. Mimi nadhani ndugu ndio wana kitu kikubwa zaidi cha kulinda, na karatasi hiyo humlinda yeye pia dhidi ya simu yako ya saa nne usiku gari likigoma kuwaka.

Bado mume wako. Umemtaja kwa mistari miwili tu, na akiba ni yenu wote. Ile kauli yake kwamba gari la ndugu linaharibika mara mbili, nahisi hakuisema kuhusu gari. Huenda anaogopa kwamba kila mkikosana na kaka, wewe utakuwa katikati naye atakuwa nje. Kabla hujaenda kwa kaka, kaa naye, umuulize anaogopa nini hasa, na umsikilize mpaka mwisho bila kulitetea gari. Unaweza kukuta anakubali saluni kwa sharti la fundi, au anakubali hata bila fundi kwa sharti la karatasi. Au anashikilia msimamo wake, na hapo unajua kwamba mzigo huu una uzito zaidi ya ulivyodhani.

Kuhusu deni la ada, mwanangu, sitakwambia limelipwa au halijalipwa. Nakuuliza tu kama kaka aliwahi kulidai. Katika barua yako yote amelitaja mara moja, siku ya hasira. Wewe umelibeba miaka yote hiyo.

Asubuhi utakayokwenda, nenda na mama. Akae mbele kisha nyuma, achague mwenyewe. Mlango ukishafunguliwa usimshike mkono upesi, mpe muda, uone anavyotafuta pa kushika na anavyonyanyuka. Halafu muulize yeye, kaka akiwa anasikia.